Redio ya babu usiiuze kwa kilo

Mhariri, habari za kazi, na wasomaji wote salamu zenu popote mlipo. Mi ni mpiga gitaa la solo hapa Tanga, Ijumaa na Jumamosi usiku niko jukwaani, mchana natengeneza simu kwenye kibanda Ngamiani, na nina jambo limekaa rohoni tangu mwaka jana nikaona leo niliandike, manake nikimwambia mtu mmoja mmoja mtaani haliendi mbali. Jambo lenyewe ni redio. Zile redio za zamani, Philips, National, zilizokuwa zinakaa juu ya kabati kwa babu na bibi na ikifika taarifa ya habari nyumba nzima kimya. Saivi zinauzwa kwa kilo. Anapita mnunuzi wa chuma chakavu na baiskeli yake na mzani wa kuning'iniza, anaita vyuma, betri mbovu, redio mbovu, na watu wanatoa. Naomba nafasi niseme kwanini linaniuma, manake ndani ya ile redio mna vidude viwili vitatu ambavyo kwetu sisi wapiga gitaa ni mali, na viwanda viliacha kuvitengeneza kwa wingi siku nyingi.

Ilianzia kwetu Makorora. Babu yangu, Mungu amrehemu, aliacha redio moja ya Philips ya betri, ina kava la ngozi lenye matundu kwa mbele na mkanda wa kuibebea begani. Ilikufa siku nyingi. Ilikaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mi tangu mdogo nilikuwa naifungua nyuma naviangalia vile vidude afu nafunga upesi kabla hajaingia. Sasa mwaka jana mwezi wa Shaabani watu wanasafisha nyumba kujiandaa na mfungo, shangazi akaitoa pamoja na sufuria zilizotoboka na pasi ya mkaa, akapewa elfu nne kwa vyote. Shangazi simlaumu hata kidogo, redio haiongei, imekaa miaka na miaka, mtu mwingine angefanya hivo hivo. Narudi jioni nakuta juu ya kabati hamna kitu, nauliza naambiwa imeondoka na baiskeli ya vyuma, nilitoka mbio hata chai sikunywa.

Nilimuulizia yule bwana mtaa hadi mtaa mpaka nikafika sehemu wanapokusanyia mizigo yao. Nimechelewa kama nusu saa hivi. Kava limekatwa, spika imeng'olewa sumaku, antena imevunjwa iko kwenye fungu la alminiamu, na bodi imetupwa kwenye rundo la nyaya zinazosubiri jioni zichomwe moto zitoe shaba. Kijana aliyekuwa anavunja nadhani ana miaka kumi na minne, hana hata kitambaa puani. Nikamwomba ile bodi, akashangaa, akasema hiyo haina uzito hiyo, chukua tu bro. Nikampa jero ya soda nikaondoka nayo nimeifunga kwenye fulana.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi redio, jina silitaji manake mwenyewe hapendi kutajwa, ameshaacha kazi siku nyingi anakaa barazani kwake na kahawa yake. Nikamwamkia, nikamwekea ile bodi mkononi. Akavaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga, akawa anapita na ukucha wa kidole kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake. Transista ziko saba mwanangu, akaniambia, na hizi mbili za upande wa spika ni AC128, jemaniamu hizi, zitoe taratibu usizichome.

Kwa asiyejua, transista ndo kile kidude chenye miguu mitatu (inaitwa besi, kolekta na emita) kinachokuza mawimbi ya sauti, na ile ya kwanza kabisa duniani, waliyoitengeneza kwenye maabara za Bell huko Marekani mwaka 1947, ilikuwa ya jemaniamu, ni aina ya madini. Redio za miaka ya 60 zimejaa hizo. Baadae ikaja silikoni, bei rahisi, inavumilia joto, haivuji, viwanda vyote vikahamia huko na jemaniamu ikabaki kwenye redio za wazee. Ukiiona utaijua, ni kikopo kidogo cha bati kirefu kama kidonge, au kichupa cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi, hizo za kioo zimeandikwa OC na namba yake, OC44, OC71, OC72. Zile za rangi nyeusi zina ajabu yake, ukikwangua rangi mwanga ukaingia ndani inaanza kufanya kazi yenyewe kwa mwanga, ndo sababu walizipaka, kwaio msikwangue.

Kuzitoa mzee alinifundisha hivi, unabana mguu wa transista kwa koleo ndogo katikati ya pasi ya kuchomelea na mwili wake, joto la risasi liishie kwenye koleo lisipande juu. Mguu mmoja, subiri ipoe, mguu wa pili, subiri. Ukiwa na haraka unaiua papo hapo na huioni imekufa mpaka uipime.

Afu akanionyesha kitu mpaka leo nakiona. Aliipa AC128 volti 9, mguu wa besi akauacha wazi hauna kitu, mita ikasoma maikroampea 120. Huo mkondo haukutakiwa kupita, unavuja tu, jemaniamu zote zinavuja, tofauti ni kiasi. Akaniambia haya ishike. Nikaibana kwa kidole gumba na cha shahada, sijagusa waya wowote, mwili wake tu. Namba zikaanza kupanda. 140. 165. 190. Nikaachia, zikashuka pole pole kama maji yanayokupwa. Ni joto la vidole vyangu basi, hamna kingine. Mzee akasema ujue hilo kabla hujaijengea kitu, hii inasikia joto, na wewe unakaa Tanga. Kuanzia siku hiyo transista ikivuja chini ya 200 naiweka upande wa kheri, ikifika 500 siitumii kwa gitaa, na nikishazigusa naziacha mezani zipoe kwanza ndo napima.

Sasa mtaniuliza nazitaka za nini. Nazitaka za fazi. Fazi ni kile kiboksi cha kukanyaga kwa mguu, yaani pedali, kinacholifanya gitaa likwaruze na kuvuta sauti ndefu, noti moja inakaa hewani mpaka uizime mwenyewe. Inavyofanya kazi si siri, inakuza wimbi la gitaa kupita uwezo wa transista mpaka kichwa cha wimbi kinagonga dari na kukatika, lile wimbi la mviringo linakuwa kama boksi, na hapo kwenye kukatika ndo inapozaliwa ile mikwaruzo na zile sauti za juu juu ambazo gitaa peke yake halina. Na yenyewe ilianza kwa ubovu. Nashville Marekani, mpiga gitaa Grady Martin alikuwa anarekodi na mwimbaji Marty Robbins, mashine ya studio ikawa na hitilafu, sauti ikatoka imekwaruzika, wakaiacha hivo hivo na wimbo ukatoka mwaka 1961. Fundi mitambo wa pale, Glenn Snoddy, akakaa akatengeneza kifaa cha kuutoa ule ubovu kwa makusudi, kampuni ya Gibson ikakiuza kuanzia 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, na mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alipokipiga kwenye wimbo wao mkubwa ndo dunia nzima ikakitaka. Mwaka uliofuata, 1966, ikatoka London ile Fuzz Face ya Arbiter, ya duara kama kitako cha stendi ya maiki, iliyotumiwa na Jimi Hendrix. Za mwanzo zote jemaniamu. Ndani yake ukifungua unaweza usiamini, transista 2, rezista 4 (za kuzuia mkondo usipite mwingi), kapasita 3 (za kushika umeme kidogo), volyumu 2 na betri ya volti 9, basi, ndo mashine nzima.

Nimeijenga hiyo kwa transista za babu. Rezista ni omu elfu 33, elfu 8 na 200, 470, na laki moja. Kapasita mikrofaradi 2.2 ya kuingilia, 20 ya kwenye emita, na 0.01 ya kutokea. Volyumu ya fazi omu elfu 1, ya sauti omu laki 5. Transista ya kwanza unaweka yenye nguvu ndogo ya kukuza, kama 70 hivi, ya pili kama 120, ukizigeuza sauti inatoka lakini haina ule utamu. Na hizi AC128 ni za PNP kwaio chanya ya betri ndo inaenda ardhini, yaani kwenye waya wa pamoja unaogusa boksi, kinyume na pedali nyingi, maana yake usije ukaichomeka kwenye adapta moja na pedali zako zingine, utaunguza au utaipiga shoti tu, ipe betri yake peke yake. Betri inakaa miezi, inakula mkondo kidogo sana, ila jeki ya kuingilia weka ile ya miguu mitatu, ukichomoa waya wa gitaa betri inakata yenyewe.

Ilipoongea mara ya kwanza pale kibandani ilikuwa saa tatu usiku, nikapiga noti moja ya chini. Sijui niielezeeje. Ilikuwa nene, ina unyevu, na nikipunguza volyumu ya gitaa kidogo tu ule mkwaruzo unaondoka inabaki sauti safi inayong'aa, narudisha inarudi kukwaruza, yaani mkono wako ndo unaamua. Pedali ya kununua niliyowahi kuazima haikuwa inafanya hivo, ilikuwa inakwaruza muda wote upende usipende. Jirani wa cherehani akatoka nje kuuliza ni nini kile.

Ila mzee alishanionya habari ya joto na mi nilisahau. Mwezi wa pili, kaskazi imekaza, tukapata harusi ya mchana huko Pongwe, chini ya turubai, pedali yangu iko sakafuni kwenye jukwaa na jua la saa tisa linapita pembeni ya turubai linaipiga moja kwa moja. Wimbo wa tatu ikaanza kukohoa. Noti inatoka inakatika katikati, inatoka inakatika, mpiga rizimu ananiangalia, bwana harusi keshaingia, mi nahangaika na waya nikidhani ni jeki. Wakati wa mapumziko nikaigusa, lile boksi linawaka. Dada aliyekuwa anauza vinywaji nikamwomba aniwekee kwenye deli lake la barafu, akaifunga mfuko wa plastiki akaikalisha juu ya soda, dakika kumi hivi. Nikaichomeka. Ikaongea kama usiku ule wa kwanza. Tulimaliza harusi kwa namna hiyo, kila mapumziko pedali inarudi kwenye deli, na yule dada hakunidai hata senti, namshukuru mpaka leo.

Nilivyomsimulia mzee akaichukua, akaiweka juani kwake barazani na mita imeungwa. Kolekta ya transista ya pili inatakiwa isome karibu nusu ya betri, volti 4 na nusu hivi, hapo wimbi lina nafasi ya kwenda juu na chini. Jua lilipoipata ikahama mbali na pale katikati, tunaiona kwa macho namba zinakimbia, wimbi likakosa nafasi upande mmoja ndo maana linakatika. Dawa yake tuliyoweka ni kuitoa ile rezista ya omu elfu 8 na 200 tukaweka kirezista cha kugeuza kwa bisibisi, nikatoboa tundu dogo pembeni ya boksi, sasa kabla ya shoo naingiza bisibisi naipanga kwa hali ya hewa ya siku ile. Kusi ikivuma mwezi wa sita wa saba wala siigusi. Kaskazi naipanga mara mbili kwa usiku mmoja. Wenzetu wa Ulaya nchi zao baridi hawana kazi hii, sisi wa pwani lazima tuwe na dawa yetu, na nimeandika kwa urefu hapa kwa sababu kuna kijana mahali anajenga pedali yake inakohoa anadhani ameharibu, hajaharibu chochote, ni joto.

Marekebisho mengine nitapita haraka. Kapasita ya kuingilia ukiishusha toka 2.2 mpaka 0.1 unapunguza ule uzito wa chini, magitaa yenye sauti nene yanapenda hivo. Ile rezista ya 470 ukiipandisha mpaka omu elfu 1 pedali inapata sauti kubwa zaidi ya kutokea. Na fazi ya aina hii iwe ya kwanza baada ya gitaa, ukiweka pedali nyingine mbele yake inapoteza ule ulaini wa kusafishika kwa volyumu.

Kwa wasiopata jemaniamu, redio kaseti na tivi za chogo zimejaa transista za silikoni, C945 na C1815 ziko kila bodi, na hizo hazisumbuliwi na joto kama jemaniamu. Fazi yake inakata zaidi, kali, ina mluzi. Mi ninayo moja na ina tabia yake. Usiku mmoja niko peke yangu, gitaa limeegemea ukuta halijaguswa, nikasikia mtu anaongea taratibu ndani ya amplifaya, nikazima feni nisikilize, kumbe mtangazaji anasoma habari. Waya mrefu wa gitaa ukawa antena na transista yenye nguvu kubwa ikawa redio. Dawa ni kapasita ndogo sana ya pikofaradi 47 mpaka 100 kati ya kolekta na besi, na boksi liwe la chuma limeungwa ardhini. Boksi la plastiki kwenye fazi halifai kabisa. Natumia yale maboksi ya bati ya kuweka swichi ukutani, yapo kila duka la vifaa vya umeme, na napaka rangi ndani nje manake chumvi ya bahari hapa kwetu haina huruma, jeki usipozipaka grisi kidogo mwaka hauishi zimeota kijani.

Na mwanafunzi anayeanza asianze na jemaniamu. Aanze na fazi ya transista moja, ipo inaitwa Bazz Fuss, transista 1, dayodi 1 (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kati ya kolekta na besi, rezista 1 ya omu elfu 10, kapasita 2, volyumu 1. Jioni moja inaisha. Nimewafundisha vijana watatu wa pale mtaani, mmoja ana miaka kumi na mbili, vifaa vyote tulitoa kwenye redio kaseti moja iliyookotwa, na ile siku ilipotoa sauti yule mdogo alikaa nayo mpaka mama yake akaja kumfuata na tochi.

Najua wapo watakaosema fazi si muziki wetu. Wazee wangu wa bendi wameniambia hivo usoni na nawaheshimu, Tanga hii ni ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ndo walipoanzia akina Wilson na George Kinyonga kabla hawajaenda Kenya kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971, na magitaa yale yalikuwa masafi kama maji ya mtungi. Mi mwenyewe nimekua na hizo nyimbo na nazipiga safi vilevile, humo siweki fazi. Lakini Black Star Musical Club walipoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu hapa hapa Tanga ilikuwa kitu kipya, na leo nani anasema ile si taarabu. Na Zambia hapo jirani miaka ya 70 vijana wao akina WITCH na Paul Ngozi walipiga fazi mpaka muziki ukapata jina lake, Zamrock, na leo dunia inautafuta. Sauti haina kabila. Na hata kama hupendi fazi kabisa, bado transista ya jemaniamu inaweza kuifufua redio yenyewe, mzee wangu angezitumia huko kwanza.

Hili la kuchoma bodi ndo linanikera kuliko yote. Zile bodi zina risasi, ule moshi wa plastiki ni sumu, na wanaosimama pale ni watoto wa watu. Wanapata shaba ya shilingi ngapi? Bodi ile ile kijana akifundishwa kutoa vidude vyake na kuvipima anaweza kumuuzia fundi simu kama mi, anaweza kumuuzia mpiga gitaa, na anajifunza kazi. Mafundi redio wazee bado wapo Tanga hii, wako barazani, wana mita zao, wana vitabu vyao, hawana mtu wa kumwachia. Mzee wangu alinifundisha bure kabisa, kila nikienda napeleka sukari robo na kahawa, hataki zaidi. Naomba vyuo vyetu vya ufundi viwaite wazee hawa hata siku moja kwa mwezi wakae na wanafunzi, mzee aweke transista mezani amwambie mtoto haya ishike, aone namba zinapanda.

Na kwa mwenye redio nyumbani, kabla hujaitoa fungua nyuma. Toa betri kama zimevuja. Angalia kama kuna vile vikopo vya bati virefu au vichupa vyeusi, kama vipo usiipe baiskeli ya vyuma, ipeleke kwa fundi yeyote wa karibu hata bure. Ila redio na amplifaya za taa, yaani zenye vichupa vya kioo vinavyowaka ndani badala ya transista, zile za kuchomeka kwenye umeme wa ukutani, na tivi za chogo, hizo msiwape watoto wafungue, kapasita zake zinashika umeme hata ukiwa umechomoa, zinaweza kuua. Hizo ni za fundi peke yake.

Shangazi wiki iliyopita alipita kibandani akaniletea redio nyingine, National, ameiomba kwa rafiki yake Duga aliyekuwa anataka kuitupa. Akasema nimefungua nyuma mwenyewe, nimeona vya bati vinne. Bado sijazipima. Tano zilizobaki za babu ziko kwenye kopo la dawa lenye mfuniko, juu ya shelfu mbali na dirisha, nasubiri mwezi wa sita kusi ikivuma ndo nianze kuzijengea.

Mpiga solo,
Ngamiani, Tanga.